Mfalme Aliyekataa Kufa Schaerbeek

Siku Nday alipomtia machoni Maman Lucienne kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amelala chali katika ukumbi wa parokia, Schaerbeek, jijini Brussels, ulimi nje, akikoroma. Nday, mfagiaji wa ukumbi, akatupa ufagio akashika simu.

"Tonton, weka simu," mama akasema bila kufumbua macho. "Niko naonyesha huyu papa namna mufalme anakufa."

Papa mwenyewe alikuwa Kalenga, dereva wa tramu na bingwa wa kuvaa. Alikuwa akipangusa kwenye kiatu vumbi ambalo halikuwepo.

Maman Lucienne, mzaliwa wa Likasi, Kongo, alikuwa ameuguza wazee huko Koekelberg, mtaa mwingine wa jiji, miaka ishirini na miwili. Sasa alitunga mchezo juu ya mfalme dhalimu, na kila ugonjwa aliowahi kuuosha kwa mikono yake akautia mle. Mfalme akinyang'anya mashamba, miguu inavimba. Akifunga watu, pumzi inakatika. Akikataza kicheko, meno yanang'oka.

"Utawala mubaya hauanguke kama muti," alisema. "Unaoza kama kidonda ya mugongo. Mwenyewe haione, lakini chumba muzima inasikia harufu."

Kalenga, aliyepewa kuwa mfalme, alikubali yote isipokuwa kuoza. "Maman, Wakongo yote ya Matonge watakuja. Niwatokee na soksi imeshuka?"

"Uliona wapi maiti inatengeneza kola?"

Mganga wa mfalme alikosekana, basi Nday akavishwa kanzu nyeupe ya daktari. Alikuwa na maneno mawili tu: "Mfalme amekufa." Lakini Nday, kwa haya, hata mkate aliununua kwa kuonyesha kidole. Kwenye mazoezi hayakumtoka hata mara moja.

"Ukinyamaza siku ile," Lucienne alimwonya, "mufalme atatawala mpaka Noeli."

Jumapili ukumbi ulifurika. Mfalme alivimba, akakohoa, akaanguka kwa kishindo. Mstari wa mbele alikaa Maman Myriam, kiongozi wa kikundi cha maombi, ambaye alijua kwamba Kalenga ana shinikizo la damu.

"Tension yake!" akapiga yowe. Akapanda jukwaani na wenzake watatu, wakamwekea mikono. "Simama, kwa jina la Yesu!"

Kalenga alifumbua jicho moja, akaitazama suti yake ilivyokuwa ikisugua sakafu, akasimama.

"Alléluia!" Ukumbi ukalipuka. Dhalimu akaanza kucheza.

Nyuma ya pazia, Lucienne alijishika kichwa. Miaka ishirini na miwili ya vidonda, na mfalme amepona kwa dakika moja! "Tonton," alinong'ona, machozi yakimlengalenga, "mufalme yangu."

Nday akatoka. Sauti ilimtoka kama kabati linaloporomoka kwenye ngazi:

"Papa Kalenga, lala chini! Umekufa! Mganga ni mimi!"

Maman Myriam akamtazama Nday, akaitazama kanzu.

"Bon. Kama docteur amesema."

Akamlaza Kalenga yeye mwenyewe, akamfumba macho, akampandisha soksi. Watu walicheka mpaka viti vikalia, na mfalme akabaki maiti.

Mwaka jana Lucienne alistaafu, akarudi Likasi. Nday alimbebea masanduku mpaka uwanja wa ndege, bila kusema kitu njia nzima. Mlangoni mama alimkumbatia, akamnyooshea kidole.

"Tonton Nday, siku moja wakikuita kwa kitanda yangu ya ugonjwa, tafadhali, usifungue kinywa."