Baruti ya Musonoi mu wimbo yetu

Leo balinitoa mu wimbo juu ya baruti!

Mu groupe yetu ya kuimba ku simu, kila mutu anajirekodi ku nyumba na kutuma sauti, kisha tata Willy, baba mwenye kuongoza groupe, anaziunga. Sheria yake, règle, ni moja: sauti yenye kelele inatoka.

Saa sita ya muchana courant ya umeme ikarudi. Siye bote ba Musonoi, mutaa ya pembeni ya machimbo, tukakimbilia kurekodi.
Mu ubeti ya pili, ku mine bakalipua: BUUM!
Mi nikaendelea kuimba. Nani hapa anasikiaka tena ile kitu?

Tata Willy akaandika mbele ya bantu bote:
"Mama Nadège, nasikia baruti. Natoa sauti yako. Règle ni règle."

Haya ikanishika.

Mangaribi akatuma wimbo yenye kuisha. Bantu bakamusifu.
Mi nikasikiliza.
Ubeti ya pili, pale tata Willy anaimba peke yake: BUUM!
(Na yeye anakaa Musonoi, mwajua.)

Nikaandika: "Tata, sauti yangu ilishatoka. Ile baruti ni ya nani?"

Ku simu naona:
"Anaandika…" Inapotea.
"Anaandika…" Inapotea.

Kisha akafunga groupe. Sasa yeye peke yake njo anaweza kuandika.

Basi nauliza huku inje ya groupe, kwenye hawezi kunifunga kinywa: règle ni règle, ao ni règle ya mama Nadège peke yake?