Mkwe Kwenye Lango la Wamori

Jumamosi ya pili ya Septemba mwaka jana, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama chini ya lango la kale katika mji mmoja wa pwani, kusini mwa Ureno, nikimweleza binti yangu mambo ambayo hakuniuliza. Lango lilijengwa na Wamori, Waislamu waliovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini. Nami nilikuwa nimewafundisha wanachuo wa Mwanza habari zake kwa miaka mingi bila kuliona. Nilikuwa nimefika kwenye umbo la tao binti aliponikatiza.

"Mama, yule anakuja. Usimhoji. Hana mama; anakungoja wewe."

Yule alikuwa mchumba wake, mwenyeji wa mji huo. Alikuja mikono wazi, anikumbatie.

Inafaa nikiri kwamba nimewahi kutangaza darasani kuwa miiko ya ukwe ya kwetu Usukumani, mama mkwe kutompa mkono mume wa bintiye wala kula naye meza moja, ni mabaki ya zamani yasiyomhusu msomi. Wanachuo waliandika. Msomi mwenyewe, alipoona kifua cha mkwe kinamkaribia, alirudi nyuma hatua tatu, akajifunika uso kwa mtandio, akaketi kitako ndani ya beseni la chemchemi ya mapambo iliyokuwa nyuma yake. Kijana alinyoosha mkono aniinue. Nikaukwepa, nikainuka mwenyewe nikichuruzika maji.

Mchana nilidai sina njaa. Nilikula mkate chumbani, nikitazama bahari ambayo haikuwa na mawe mazuri kama ziwa letu. Jioni binti alikuja, macho mekundu: kijana alikuwa amemuuliza kama kosa ni rangi yake au dini yake, na kama aache kuota ndoa. Kumfafanulia kijana mwiko wenyewe kungenilazimu kukaa naye. Kesho yake niliondoka nikimpungia kutoka ng'ambo ya barabara, kama askari wa trafiki pale Igoma, kwetu Mwanza.

Wiki tano baadaye, nikiwa nyumbani Buswelu, nilimtumia barua, binti amtafsirie:

"Mwanangu,

Kwetu mwanamke humkimbia hivyo mtu mmoja tu: mkwe wake. Nilikukimbia hadharani, nikalowa, kabla hata wazee wako hawajaja kuposa. Ulipaswa kuambiwa mapema, na mimi ndiye mwalimu.

Njooni Desemba. Utakula sebuleni na wajomba. Mimi nitakula jikoni, na utanisikia nyuma ya ukuta nikiuliza kama umeshiba. Jibu kwa sauti.

Mama yako."