Filamu ya Kivietnamu na Sahani ya Mume

Jumamosi nilikuwa nikingoja kusukwa katika saluni moja mjini Durban, na kwenye runinga kulikuwa na filamu ya Kivietnamu isiyo na tafsiri. Ndani yake, mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine alirudi nyumbani. Mkewe akamsogezea bakuli la wali bila kumtazama.

Mteja kitini, aliyekwisha kutueleza kwamba amemfukuza mumewe kwa kosa hilohilo, akauliza, "Amemsamehe?"

Msusi, Mkongo asiyejua hata neno moja la Kivietnamu, akajibu kama mkalimani wa mahakama: "Hapana, dada. Amemupa chakula tu. Kusamehe iko bado."

Mteja akafikiri, kisha akaomba simu. "Njoo ule," akamwambia mumewe. "Ukimaliza, rudi ulikolala jana."

Semina nyingi za ndoa hazimfikishi mtu hata mezani.