Kuku Wanakoroma, Tadeo Anatafuta Mteja

Baridi ya Julai bado imeikamata Ilula wakati Veneranda Kikoti anaingiza kichwa kwenye banda la kuku la jirani yake. Anakitoa upesi, macho yanachuruzika machozi.

"We Tadeo! Hili banda au tanuru?" anafoka. "Umewafungia na mavi yao humu, halafu unashangaa wanakohoa?"

Tadeo, fundi baiskeli, amesimama kajifunika blanketi. Amefanya wanachofanya wengi huku baridi inapokaza: ameziba banda kwa nailoni juu hadi chini, akaweka na jiko la mkaa ndani. Moshi hauna pa kutokea, harufu kali ya mbolea nayo hivyo hivyo.

"Nilikuwa nawaonea huruma, dada," anajitetea.

Veneranda, mama wa miaka hamsini na moja, anauza nyanya kando ya barabara kuu. Ndiye pia anayechanja kuku wa mtaa, kazi aliyojifunza mwaka jana baada ya kuku wake wote kufa.

Anamkamata mtetea mmoja, anamtegea sikio mgongoni. Kifua kinakoroma. Puani kamasi linalonuka, jicho moja limevimba hadi limefumba.

"Naona kama mafua," anasema. "Kungekuwa na kinyesi cha kijani na shingo kupinda, ningeogopa kideri, na kideri hakina dawa, kina chanjo tu. Mpigie afisa mifugo aje athibitishe. Usinunue dawa kwa kukisia!"

Hadi hapo hasira zake ni zile ambazo mtaa umezizoea. Kinachomtibua ni tenga lililofichwa nyuma ya mlango. Ndani yake mna majogoo manne, miguu imefungwa kamba. Tadeo alikuwa anawapeleka barabarani kuwauzia wasafiri kabla hawajazidiwa.

"Jamani, kila mtu anafanya hivyo," anasema Tadeo. "Hata mwaka jana walipoanza kukohoa niliwahi kuwauza. Sikupata hasara."

Veneranda anamgeukia. Mwaka jana, mwezi kama huu, alinunua jogoo mwekundu kwa Tadeo huyuhuyu. Alikuwa na kuku ishirini na sita. Walikoroma, wakakataa kula, wakaisha. Kuku hao ndio waliokuwa wakimsomesha binti yake, Jackline, chuo cha ushonaji. Jackline alirudi nyumbani, na sasa anapanga nyanya barabarani na mama yake.

"Uliniuzia yule jogoo unajua anaumwa?"

"Alikuwa anapiga chafya tu, dada."

"Chafya tu! Mtoto wangu ameacha chuo kwa hiyo chafya yako!"

Nisiseme uongo, hata mimi niliyekwenda kuandika habari hii tu nilitamani amzabe kofi. Hakumzaba. Alifungua tenga, akakata kamba za majogoo.

"Kuku hawana kosa," anasema, huku akichana nailoni ya juu kwa nguvu zote. Ya chini anaiacha izuie upepo pale wanapolala. Tadeo anatoa jiko, anakwangua mbolea, anamwaga maranda makavu. Wagonjwa wanatengwa, na vyombo vyao vya maji vinatengwa pia.

Mchana afisa mifugo anafika na kuthibitisha kuwa ni mafua. Anatoa dawa ya kuchanganya kwenye maji na kukataza mayai yasiliwe hadi siku alizotaja zipite. Anaonya pia kwamba kuku akipona bado anaweza kuambukiza wengine.

Banda la Veneranda, lililopigwa chokaa, ni tupu mpaka leo. Dada yake wa Idodi amemtunzia vifaranga na anampigia simu kila mara aende kuwachukua, ili Jackline arudi chuo.

"Niwalete hapa waje wafe? Sithubutu," anasema. "Mtaa mzima uache kwanza kuuziana wagonjwa."

Alhamisi hii jumuiya yao ya kanisa inasali nyumbani kwa Tadeo.

"Nimemwambia asimame aseme alichouza na alimuuzia nani," anasema Veneranda. "Asiposema, nasema mimi. Na Jackline nitamkalisha mbele kabisa, amwangalie usoni."