Komisioneri na Uwanja wa Mama

Kila nyumba tuliyoonyeshwa Kasongo, mama yangu hakuingia ndani. Komisioneri alifungua milango, akapiga kuta kwa kiganja ili tusikie ugumu wa matofali ya kuchoma, akatuita tuje tuone dari, na mama alikuwa ameshazunguka nyuma. Tulimkuta amesimama katikati ya uwanja, fimbo mkononi, anatazama huku na huku.

Komisioneri kwetu ndiye mtu wa kati. Mwenye kuuza anamwambia anauza, mwenye kununua anamwambia anatafuta, naye anakula kwa kuwakutanisha. Wako wengi mjini. Wa kwetu alikuwa mwembamba, mwenye mvi kunizidi, na bado aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Sikumchagua. Nilimwuliza tu jirani yangu wa sokoni, muuza mawese, kama anajua nyumba inayouzwa, na kabla sijamaliza kumpimia mteja mchele, mtu huyo alikuwa mbele ya meza yangu. Tangu hapo sikuwa na asubuhi yangu mwenyewe. Nikifungua mlango, yuko. Nikifika sokoni, ametangulia.

"Yaya, iko nyumba moja, kesho hautaikuta tena. Mutu wa Kindu iko njiani na feza mukononi."

Huyo mtu wa Kindu alikuwa njiani msimu mzima. Nadhani yuko njiani mpaka leo.

Nyumba niliitafuta kwa ajili ya mama. Baba alipofariki, ndugu zake kule Wamaza waliirudisha nyumba kwenye ukoo, na mama akaja kwangu mjini na miguu iliyovimba, awe karibu na hospitali. Mimi nilikuwa mpangaji, chumba na sebule ndani ya ua wa mtu. Siku moja mpangaji mwenzetu alifariki. Mwenye nyumba akafunga geti. Hakutaka watu walale uwanjani kwake, wawashe moto, waimbe mpaka asubuhi. Basi jamaa zake wakaketi kando ya barabara, na pikipiki zikawa zinawapigia honi ili wasogeze miguu. Mama aliyatazama yote akiwa mlangoni.

Jioni, tukila, akasema: "Mimi sitaki kuliliwa barabarani kama mbuzi mwenye kugongwa. Tafuta nyumba."

Nikamwambia hafi leo. Akanijibu kwamba hakuniuliza siku.

Nyumba ya kwanza ilikuwa bondeni. Komisioneri alisifu kwamba maji yako karibu, na kweli yalikuwa karibu, tuliyakanyaga tangu getini. Nyumba ya pili ilikuwa nzuri, sakafu ya saruji, madirisha ya chuma, lakini uwanja wake ulikuwa na upana wa mikeka michache. Komisioneri alikuwa akiimba vyumba vitatu na sebule, mama akamkatiza.

"Mutoto wangu, siku nitakufa, watu watakaa wapi?"

Komisioneri alifunga geti, akatuaga hapo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza atuache bila kutaja nyumba nyingine, nami nilifurahi kupita kiasi. Nikajua tumempoteza, na kwamba kesho yake nitaamka kwa amani.

Kesho yake alikuwa mlangoni kabla ya jua.

"Mama muzee, nimepata parseli. Matanga mbili zinaingia pamoja na hazigusane!"

Nilikasirika. Mtu kaambiwa jambo la kifo, naye analigeuza kuwa bei. Lakini mama alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi, na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kila parseli, yaani kiwanja, aliyotupeleka aliitangaza kwa namna hiyo: hapa wanawake, hapa vyungu, hapa kwaya, na njia hii ni pana, jeneza litatoka bila kulalia upande. Nilitaka kumfukuza. Mama akawa anamwekea sombe ya majani ya muhogo na ugali, nao wakila wanajadiliana kama mafundi wawili wa kazi moja.

Nyumba tuliyoipata haikuwa na la kusifiwa. Vyumba viwili, mabati yaliyoshika kutu, mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Ila uwanja ulikuwa mpana, tambarare, umefagiliwa mpaka udongo umekuwa mgumu, na michikichi ilisimama pembeni bila kuziba kitu. Mama alimwamuru komisioneri akasimame getini. Yeye akaenda hadi mwisho kabisa, akazungumza kwa sauti ya kawaida, akamwuliza kama anasikia. Alisikia. Mama akasema, "Ni hapa."

Nikamwambia mabati yanavuja.

"Yavuje," akasema. "Mimi nitakuwa inje."

Bei tulikubaliana. Kulibaki jambo moja: nyumba ilikuwa urithi, na mdogo wa mzee mwenye kuuza, aliyekaa Kindu, ilibidi aje aweke sahihi. Hapo komisioneri alizidi. Alitaka nilipe siku ileile, huyo mdogo atasaini akifika. Nilikataa. Nimeona watu wamelipa mtu mmoja wa ukoo, kisha wengine wanatokea kama kumbikumbi baada ya mvua. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja yaumiza matumbo, na kesho yake akarudi kunijibu tena.

Mama alifariki hospitalini, alfajiri moja, huyo mdogo akiwa bado hajafika.

Mwenye nyumba niliyopanga alipata habari kabla hatujaanza kulia. Alikuja kwa heshima, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Lakini hapa, hapana." Nikaenda kwa mwenye kuuza, kule anakoishi mwenyewe. Naye alinipa pole, akanipa kiti, akanikatalia. Nyumba haijalipwa, akasema. Maiti ikishaingia, halafu mimi nikashindwa kulipa, nani mwingine atainunua? Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Niliinuka, nikarudi hospitalini kwa miguu. Mawazo yangu hayakuwa kwenye kifo chenyewe bado. Nilikuwa nawaza barabara, na honi, na mama yangu aliyeniomba kitu kimoja tu.

Komisioneri alinikuta kwenye ngazi za hospitali. Alikuwa amekwenda nyumbani kwangu kama kawaida yake, kunisumbua, akaambiwa. Nilimweleza kwa maneno machache kwa sababu sikuwa na mengi. Hakulia, wala hakunipa pole ndefu. Akasimamisha pikipiki.

Mwenye kuuza alipotuona alijaribu kufunga mlango. Komisioneri alikuwa ameshaingia. Jinsi alivyoniudhi msimu mzima, ndivyo alivyomfanyia yule mzee: alikaa bila kukaribishwa, alijibu maswali kabla hayajaulizwa, akiambiwa hapana anaitikia kana kwamba ameambiwa bado. Alifukuzwa mara mbili, akarudi kupitia jikoni, akamsalimu mke wa mzee na kuanza upya kutokea huko.

"Papa, nyumba iko yako. Funga, chukua ufunguo, tia mufukoni. Huyu mama hakutaka nyumba. Hata ndani hakuingia, muulize yaya. Anataka uwanja tu. Uwanja hauna mulango, papa. Utamufungia nini?"

Mzee akasema watu watasema. Komisioneri akasema watu watasema zaidi wakimwona mama analiliwa barabarani, na uwanja wa mzee uko wazi, kuku wanautembelea. Ikaendelea hivyo mpaka jua likawa juu. Mwishowe mzee akajipangusa uso, akasema, "Mutoe huyu mutu kwangu. Mulete mama."

Alifunga nyumba kweli, akaondoka na ufunguo. Tukamlaza mama uwanjani chini ya turubai, mlango umefungwa nyuma yake. Wanawake wa kanisa walikaa pale mama alipopanga wakae. Vyungu viliwekwa alipopanga viwekwe. Jioni yule mzee akaleta viti vyake mwenyewe, akasimama kidogo, kisha na yeye akakaa. Niliketi mkekani karibu na mama, nikalia hatimaye, kwa nguvu, bila mtu wa kunisogeza. Nilishukuru, na shukrani hiyo ilinielemea kuliko huzuni.

Nisimfanye komisioneri mtakatifu. Siku ya pili ya matanga nilimsikia akimnong'oneza shemeji yangu kwamba iko parseli nzuri nyuma ya soko, na kesho hataikuta. Mdogo mtu alipofika kutoka Kindu na sahihi zikawekwa, komisioneri alichukua haki yake yote, hakupunguza, wala mimi sikumwomba apunguze.

Jambo ambalo sikulitegemea lilianza siku ileile ya kwanza ya matanga. Ndugu zetu wa Wamaza walikuwa wakiingia mjini kwa pikipiki, wamejaa vumbi, hawajui mtaa wala njia. Walisimama kila kona kuuliza msiba uko wapi. Watu wa mtaa, ambao hawakuwahi kumwona mama akiwa hai, waliwaelekeza: piteni kanisani, mukunje kushoto, ni kwa ule mama wa Wamaza. Matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa, na jina likabaki. Mimi ndiye niliyelipa, mimi ndiye ninayepanda juu kuziba mabati kila mvua zikikaribia, na hakuna mwenye pikipiki anayejua kwangu. Mwambie kwa mama wa Wamaza, atakufikisha mpaka getini. Hakulala humo hata usiku mmoja akiwa hai, na nyumba ni yake.