Nyanya za Shangazi Hazikuwa na Jina

Saa mbili asubuhi, mashine ya kusaga inanguruma ndani ya maabara ya chakula. Nyanya zilizomo hazijaoshwa. Mpimaji, mama wa watoto wawili, anakandamiza kifuniko kwa kiganja.

"Nyumbani ningeziosha mara tatu," anacheka. "Hapa ukiosha, umefuta ushahidi."

Rojo linachanganywa na kimiminika kinachovuta dawa ya wadudu, linachujwa, kisha tone linaingia kwenye kichupa. Kazi iliyobaki ni ya spektrometa, mashine inayotambua dawa kwa uzito wa chembe zake, hata zikiwa kama punje ya chumvi ndani ya pipa la maji.

Kichupa kina namba tu. Jina la mkulima hubaki mapokezi, mpimaji asije akapendelea mtu.

Ndivyo ilivyokuwa msimu uliopita, alipoandika kwamba nyanya za namba fulani zina dawa mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Shehena nzima ikafukiwa. Jioni mama yake akapiga simu: "Mwanangu, umemfanya nini shangazi yako?"

Shangazi huyo ndiye aliyemsomesha, kwa nyanya za shamba hilohilo. Nzi weupe walivamia, naye akapulizia dawa siku mbili kabla ya kuvuna. Lebo ilitaka wiki mbili.

"Kazi siijutii, watoto wa watu wangezila," anasema, macho kwenye skrini. "Najuta kwamba miaka yote nimekula kwake, nikashiba, sikuwahi kumweleza. Alidhani nalipwa kuonja!"

Alipokwenda kuomba radhi, shangazi alimpokea mlangoni.

"Karibu, mheshimiwa. Maji utayanywa, au utayapima kwanza?"

Aliyanywa. Kisha akamsomea lebo ya dawa, neno kwa neno. Shangazi aliendelea kuchambua mboga, wala hakumsindikiza.

Tangu siku hiyo shangazi hakupokea simu zake, hadi juzi mama yake alipoleta mfuko wa nyanya. "Shangazi yako anasema uonje kabla hajavuna."

Nyanya za ndugu yeye haruhusiwi kuzigusa. Amezikabidhi kwa mwenzake wa meza ya pili, nazo sasa zimo mashineni. Zikitoka safi, Jumapili atawapeleka wanawe shambani wakachume na bibi yao huyo.

Na zisipotoka safi?

Anafuta meza ambayo tayari ni safi.

"Nitakwenda vilevile. Ila safari hii majibu atayasikia kutoka kwangu, kabla ya mtu mwingine yeyote."