Mheshimiwa Pelemu Anangoja Mlangoni

Sisi tuliokunywa maziwa ya shule kwenye zile pakiti za pembe tatu tunajuana. Hata hapa Euless, Texas, ambako ndege za uwanja wa DFW zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, nikikutana kanisani na mama wa rika langu najua tu kwamba huyu aliruka kamba ya katani, alichapwa kwa kuchelewa gwaride, na alikula mushenye wa moto kwa mkono, sufuria moja na watoto wa jirani, viazi na maharagwe yakimchoma vidole na yeye hataki kuachia. Watoto wetu tukiwasimulia wanatutazama kwa huruma, kana kwamba tulikuwa wafungwa.

Lakini kamba ya kwetu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo huo sijausikia kwingine. Wenzetu waliruka kwa majina ya siku za juma au ya matunda. Sisi, watoto wa kijiji kimoja magharibi ya Kenya, tuliruka kwa majina ya wabunge wa Uingereza.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la Mwalimu Barasa, aliyetufunza historia. Aliwahi kupelekwa Uingereza kwa kozi ya ualimu, akapangishwa chumba na ajuza mmoja katika mji mdogo uitwao Ostlemere. Kila jioni wakinywa chai, yule mama alimsimulia habari za jimbo la uchaguzi la pale na watu waliolikalia. Mwalimu alirudi nyumbani na koti zito la sufu, ambalo alilivaa hata jua likiwaka, na historia yote ya Ostlemere kichwani. Mtaala ulitaka tusome mambo mengine kabisa. Yeye aliugusa kidogo mwanzoni mwa kipindi, kisha akafunga kitabu na kusema, "Haya, sasa twende Ostlemere."

Na tulienda. Tulijua kwamba zamani jimbo lile lilikuwa na wapiga kura wachache kuliko darasa letu, na bado lilipeleka mtu bungeni, kwa sababu tajiri mwenye mashamba ndiye aliyewaambia wamchague nani. Tulimjua Bwana Tolk, aliyewanywesha watu pombe wiki nzima hadi wakasahau kwenda kupiga kura. Tulimjua Bwana Widmore, aliyekaa bungeni hadi akazeeka bila kufungua mdomo hata kuomba maji. Tulimjua Harspool, aliyeuza jimbo kwa shemeji yake kama mtu anavyouza fahali. Mwalimu alisema tukijua jimbo moja lilivyochezewa, siku letu likichezewa tutatambua. Mzee alikuwa na maono, maana yaliyokuja kutupata kwenye kura unayajua.

Wa mwisho alikuwa Josiah Pelm. Huyu, Mwalimu alipomfikia, alikuwa akishusha sauti na kuvuta koti lake vizuri mabegani. Pelm alikuwa mtu wa kwanza ambaye watu wa Ostlemere walimchagua wenyewe, kwa moyo wao. Walimbeba juu ya kiti wakaimba naye mji mzima. Asubuhi yake akapanda gari la farasi kwenda London kuapishwa, na kukawa na ukungu. Gari lilifika. Yeye hakufika. Mlango wa gari ulikuwa umefungwa, blanketi lake liko kitini, na dereva aliapa kwamba hakusimama popote njiani. Kiti chake bungeni kilikaa kitupu mpaka kikachukuliwa na mwingine.

Tukaenda nyumbani tukamtia kwenye kamba. Sisi tulimwita Pelemu, kwa sababu ulimi wa kwetu hauachi jina liishie hewani. Tolki, Widimo, Hasipuli, Pelemu. Likitajwa jina la Pelemu ilikuwa lazima uruke utoke nje bila kuguswa. Kamba ikikushika mguu, wenzako wanapiga kelele kwamba umefia njiani, unakwenda kukaa chini ya ukuta na hurudi tena mchezoni siku hiyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto hajui anachezea nini.

Wakati huo ndipo mama alipojifungua ndugu yangu wa mwisho. Kwetu, wasomaji wangu wa upande ule mnajua, mtoto hachaguliwi jina kitabuni. Mtoto mchanga akilia asinyamaze, hana homa wala njaa, ina maana kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka kurudi kwa jina. Basi bibi anampakata na kuwaita waliokufa, mmoja mmoja, polepole. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Walio hai hawaitwi, kamwe. Ukimwita aliye hai ni kama umemchimbia kaburi.

Bibi yetu, tuliyemwita Kukhu, aliita. Alimwita Khaemba, baba ya babu. Akamwita Maelo aliyekufa vitani. Akaita wa upande wa mama, akaita hata yule mjomba ambaye hakuna aliyetaka arudi. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama mlango usiotiwa mafuta. Sisi watoto tulikuwa tumefukuzwa uani, tukaendelea na kamba yetu huko. Tolki, Widimo, Hasipuli, Pelemu. Ndani kukawa kimya.

Nakumbuka kimya kile kuliko kelele zote za utoto wangu. Kuku hawakulia, kamba ilianguka yenyewe. Kukhu akatoka mlangoni na mtoto mkononi, macho ya mtoto wazi kabisa, akaniambia niimbe tena. Niliimba. Kwenye jina lile mtoto aligeuza kichwa kunitazama, na alikuwa bado ana kitovu kibichi. Kukhu akauliza huyo Pelemu ni wa ukoo upi. Nikajibu kwamba ni mbunge wa Uingereza. Baba alicheka mpaka akaketi kwenye kinu. Kukhu hakucheka.

Alisema, "Huyu hana kaburi, na kwao hawakumwita. Amesikia watoto wakimtaja akafuata sauti. Hakuja kuua mtu. Anataka kufika tu." Akatuwekea sharti moja, kwamba mwenye jina hili asiachwe mlangoni, akaribishwe kila mara, hata nyumbani kwao.

Basi ndugu yangu alikua hivyo. Alikuwa mtoto mzuri, mchokozi, mwizi wa sukari kama sisi wengine, lakini mlangoni alisimama. Alikuwa akitoka shuleni, mvua inanyesha, na wewe uko ndani unakula. Ukiinua macho unamwona amesimama kizingitini, amelowa, anakutazama bila neno. Mpaka umwambie, "Karibu, Pelemu, ingia." Hapo anaingia, anaanza kukunyang'anya chakula. Tulizoea. Wageni ndio walioogopa. Na asubuhi za ukungu alikuwa akiomba koti, hata kabla hajajua kuongea vizuri, na kijijini kwetu hakuna aliyekuwa na koti isipokuwa Mwalimu Barasa.

Nilimpenda kuliko wote. Nasema wazi, wengine wakasirike. Nilipokuja Texas kusomea uuguzi ndiye aliyenisindikiza, na nilipojenga maisha yangu hapa, nikifanya shifti kwenye nyumba ya wazee kule Irving, ndiye aliyenipigia kila Jumapili. Mbunge wetu alipofariki, watu walimsihi Pelemu agombee. Nilimwambia, "Acha, tafadhali, kazi nyingine ziko nyingi." Akanicheka. "Dada, wewe ni nesi wa Amerika, bado unaogopa kamba?" Akashinda uchaguzi mdogo. Walimbeba juu ya kiti. Nilitumiwa video, na nilipoona kile kiti simu iliniponyoka ikaanguka kwenye sinki.

Siku ile aliposafiri kwenda Nairobi kuapishwa nilikuwa Houston, kwa binti yangu Naliaka, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia, akalia. Daktari alisema ni tumbo, litapita. Naliaka alikuwa amekwisha kumwandikisha jina la Jayden, jina ambalo ukiliita kwenye uwanja wa michezo Texas nzima inageuka. Nilimpakata karibu na dirisha, asubuhi jua limejaa sebuleni, nikaanza kuita wa kwetu. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini mtoto akilia hivyo unashika unachokijua. Niliita wote. Jina la Pelemu nililiruka, maana alikuwa hai. Nilipochoka nikawa navuma tu, hata sikujua ni nini navuma. Ulikuwa ule wimbo wa kamba. Na nilipofika mwisho wake, mtoto akanyamaza, akageuza kichwa, akanitazama.

Nilijiambia ni yule Mwingereza. Nilirudia kujiambia huku nikitafuta simu. Aliyepokea ni mke wa ndugu yangu. Kulikuwa na ukungu juu kule kwenye milima ya Mau, gari liliacha barabara. Dereva alipona. Pelemu hakufika.

Hayo ni ya miaka iliyopita, na nisingeyaandika. Ninayaandika kwa sababu ya mwezi uliopita.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la kwanza. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza, kama wote. Anakula kuku wa sanduku na kuniuliza mushenye ni dawa ya nini. Kamba hajawahi kuishika. Mchezo wake una chaji. Lakini mlangoni anasimama. Mama yake anadhani ni adabu, anajisifia kwa marafiki zake. Mimi ndiye ninayemwambia, "Karibu, Pelemu, ingia," nikishuka Houston, na kwa jina lile anageuka upesi kuliko kwa lile la cheti.

Mwezi uliopita akanipigia mwenyewe, uso umejaa kioo cha simu. "Kukhu, I won! Everybody voted for me." Darasa lao limemchagua awe mwakilishi wao. Akaniambia kesho kutwa wawakilishi wa shule watapanda basi kwenda ukumbi wa jiji, wakae kwenye viti vya madiwani na kuinua mkono wa kiapo. Naliaka nyuma yake alikuwa akipiga makofi. Nilikata simu nikaketi sakafuni.

Nilitaka kumzuia. Niliwaza kusema nina ugonjwa waniletee mtoto Euless, niliwaza kumwambia Naliaka kila kitu. Nikawaza tena maneno ya Kukhu, bibi yangu. Huyu hakuja kuua mtu, anataka kufika. Tukimzuia safari hii, ataanza nyingine akiwa mkubwa, nami nitakuwa nimekufa, na ni nani atajua la kufanya? Nikaomba ruhusa kazini, nika-drive barabara ya 45 mpaka Houston, nikajiandikisha kuwa mzazi wa kusindikiza.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Houston yote ilikuwa nyeupe, taa za magari zikielea. Nilikaa naye kiti kimoja kwenye basi la njano, mkono wake nimeubana mpaka akalalamika. Watoto wengine waliimba. Yeye alitazama dirishani kule ambako hakukuwa na cha kutazama. Katikati ya daraja akajiegemeza kwangu na kusema kwamba anataka koti. Alikuwa amelivaa.

Tulifika. Basi lilifika na yeye ndani yake, nilimhesabu mara mbili ingawa alikuwa mmoja. Watoto waliingia ukumbini wakisukumana. Jayden akasimama mlangoni. Mwalimu wao, msichana mpole, alimwita ndani, kisha akamwita tena. Hakusogea. Alitazama vile viti vya mbao vilivyopangwa nusu duara, na kimoja kilichokuwa bado kitupu, na kidevu chake kilitetemeka kama cha mtu mzima anayezuia kilio.

Nilipiga magoti nyuma yake. Nikamwambia kwa sauti ya nyumbani, ile ya mvua na chakula mezani, "Karibu, Pelemu. Ingia. Umefika."

Akashusha pumzi ndefu mno kwa kifua kidogo vile. Akaingia, akakaa, akainua mkono na kiapo akakisema chote. Nililia hadi yule mwalimu akaniletea karatasi za kujifuta, akidhani ni fahari ya bibi.

Enzi zetu mtu alikaribishwa mlangoni, akapewa kiti, akapewa maji, ndipo akaulizwa habari. Watoto wa siku hizi wanaingia kama upepo, viatu miguuni, moja kwa moja mpaka kwenye jokofu. Mjukuu wangu naye sasa ni hivyo hivyo. Alikuja Euless wikendi iliyopita, akafungua mlango kwa kishindo, akanipita bila hata salamu. Nikamwita, "Pelemu." Hakugeuka. Nikamwita tena, nikasogea karibu. Aliendelea kutafuta juisi yake. Nilipomwita Jayden ndipo akaitikia.

Nilifurahi, nilimshukuru Mungu. Kisha nikarudi kuufunga ule mlango aliouacha wazi, nikajikuta nimesimama pale nikitazama nje kwenye maegesho, nikisubiri mtu asimame kizingitini.